Panga Kwenye Mabawa

Ingham, Queensland
14 Mei 1979

Bwana Lindsay Cotterill,

Hatujuani, na huenda ukishaisoma barua hii ukaomba tusijuane kabisa. Naitwa Beryl Hallam. Nina duka la udobi hapa Ingham, na nina ugonjwa uleule ulio nao wewe: nakusanya mabawa, zile beji walizovaa marubani kifuani wakati wa vita. Ulinianza mwaka niliofungua duka. Mtu mmoja aliacha koti la kijeshi lisafishwe, hakurudi tena. Kifuani mwa koti palikuwa na mabawa ya fedha. Nikamngoja mwenyewe, nikamngoja, mwishowe nikaanza kuyatafutia yale mabawa ndugu zao. Sasa droo hazifungiki.

Nimesoma jarida la chama chenu cha wakusanyaji. Umechapisha picha ya alama ndogo iliyochorwa nyuma ya mabawa fulani yasiyojulikana mtengenezaji. Umeikuza mpaka imekuwa kubwa kama kijiko, halafu chini yake umeuliza: "Nani anamjua fundi J?"

Nilicheka mpaka mteja akadhani mvuke wa pasi umenipanda kichwani. Ndugu yangu, hiyo si J. Wala si ndoana, kama alivyoandika yule mwenzako wa Adelaide. Hilo ni panga la kukatia miwa! Litazame tena. Bapa pana, mpini mfupi, na ile kulabu mgongoni ya kuvutia majani makavu. Huku kwetu mtoto analijua panga hilo kabla hajaota meno. Ninyi watu wa Melbourne sukari mnakutana nayo ikiwa tayari imo kikombeni.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nimeona nikuambie. Nami ninayo mabawa yenye panga hilohilo. Ndiyo yale ya kwenye koti. Aliyeyatengeneza ni mtu wa nchi ya miwa, na nchi ya miwa ni huku. Acha kumtafuta huko kwenu.

Beryl Hallam


Footscray, Melbourne
28 Mei 1979

Bi Hallam,

Barua yako niliisomea getini, postamani hajafika hata kwa jirani. Nikakimbilia lenzi. Panga! Nimezunguka na picha ile kwa kila sonara wa Melbourne ambaye jina lake linaanza na J. Mmoja alinifukuza akidhani nadai kodi. Kumbe ningemuuliza mkata miwa.

Niruhusu nijieleze. Nimestaafu, nilikuwa fundi wa tramu, na wakati wa vita fundi wa injini za ndege. Sikuwahi kuruka. Mabawa niliyaona vifuani mwa wenzangu, na wengine hawakurudi nayo. Sasa chama chetu kinaandaa kitabu cha watengenezaji wote wa mabawa ya vita, na kazi ya kuwatafuta nimepewa mimi. Asiyeingia humo ni kama hakuwahi kuishi.

Tatizo ni mwenyekiti wetu, Mervyn Stanbrook. Alikuwa rubani wa ndege za mabomu, na neno lake chamani ni kama amri. Anasema mabawa yenye alama ile ni ya kughushi, yametengenezwa juzijuzi ili kuwaibia wakusanyaji. Hoja zake ni hizi. Hakuna mawili yanayofanana, na fundi wa kweli hutumia kalibu moja. Tena mgongoni mwake mna mawimbi madogomadogo ambayo hajapata kuyaona kwenye kazi ya sonara yeyote. Mkutano mkuu wa Oktoba utapiga kura, na wakikubaliana naye, yatatangazwa kuwa ya bandia milele.

Na kuna jambo jingine, naona haya kuliandika. Stanbrook amegundua kwamba mengi ya mabawa haya yamenunuliwa Ingham au jirani na Ingham. Anasema huenda mghushi yuko hukohuko. Basi nauliza tu, bila ubaya: hujasikia mtu anayeyatengeneza siku hizi? Na hayo yako, una hakika yalikuja kwenye koti?

Wako,
Lindsay Cotterill


Ingham
6 Juni 1979

Bwana Cotterill,

Nimefua nguo za polisi wa mji huu, za mapadri wake, za walevi wake na za mabwana wakubwa wa kiwanda cha sukari. Mifukoni mwao nimekuta vitu ambavyo nikivitaja leo, kesho nusu ya ndoa za Ingham hazipo. Sijachukua hata kifungo. Halafu wewe, mtu nisiyemjua hata kwa kivuli, unaniuliza kama nina hakika!

Mwambie Bwana Stanbrook wako mikono hii inajua pasi na wanga. Na wewe usiniandikie tena.

B. Hallam


Footscray
18 Julai 1979

Bi Hallam,

Umenikataza kuandika, nami naandika. Ukiitupa hii motoni, itupe, ila soma kwanza.

Baada ya kupata barua yako nilikwenda kwenye kikao cha kamati. Walikuwa wanakunywa chai. Nikasimama na kikombe changu nikasema, "Mervyn, yule mama sijapata kumwona sura, lakini hasira ya mtu aliyesingiziwa naijua ninapoiona. Hajaghushi kitu. Atakayesema tena kwamba ameghushi, aniambie mimi kwanza." Stanbrook akasema, "Lindsay, keti, chai inapoa." Sikuketi. Nikatoka, nikasahau kofia.

Ndiyo hivyo. Swali lile lilikuwa la kijinga, nami nililiandika kwa mkono wangu. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, basi angalau usiache kutafuta. Hakuna mwingine aliyeliona lile panga.

L. Cotterill


Ingham
9 Agosti 1979

Lindsay,

Haya, yaishe. Na usidhani umeniyeyusha kwa maneno matamu. Nina habari hapa ambayo nikiendelea kununa itanipasua.

Nimempata.

Nilipokuandikia ile ya Juni nilikaa na kisirani changu wiki nzima, kisha nikaona kisirani hakijibu swali. Nikayatoa mabawa drooni, nikayabandika hapa kifuani, nikayavaa kila siku. Dukani, sokoni, kanisani, hata kwenye mazishi ya mzee wa posta. Watu walinitania hadi wakachoka. Mwenye bucha akawa ananiita Kapteni: "Kapteni, leo tunaruka na soseji au na maini?" Nikavumilia. Kila aliyeyatazama aliyatazama usoni, akayasifia, akapita zake.

Jumanne iliyopita akaingia mama mmoja wa Kitaliano, mfupi, amevaa nyeusi tupu kama wanavyovaa wajane wao. Ni mteja wangu, huniletea gauni lake kila mwaka. Akaliweka juu ya kaunta, akaanza kunionyesha doa, mara akaliacha. Akanyoosha mkono bila kuniomba ruhusa, akayageuza mabawa yangu yakiwa yananing'inia palepale kwenye gauni nililovaa, akapitisha kidole gumba kwenye yale mawimbi ya mgongoni. Lindsay, usoni hakuyatazama kabisa!

"Haya yalipoa upesi mno," akasema. "Siku hiyo kulikuwa na upepo."

"Mama, umejuaje?"

Akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto. "Sijui kitu. Gauni nije lini?"

"Ijumaa. Umejuaje?"

"Nimesema sijui! Wewe ni dobi au polisi?"

Akatoka. Nikafunga duka mchana kweupe, nikamfuata. Akatembea mbele yangu hadi kwake bila kugeuka nyuma, lakini lango lake aliliacha wazi.

Sasa sikiliza, wewe na mwenyekiti wako. Mabawa yale yalimwagwa ndani ya mfupa wa dome, yule mnyama wa baharini aliye ndugu yake ngisi. Mifupa yake myeupe hutupwa na maji ufukweni hapa karibu, na watu huwawekea kasuku wao wanoe midomo. Ni mlaini kama sabuni. Unaupasua, unakandamiza umbo kati ya vipande viwili, unamimina fedha iliyoyeyuka. Mfupa una mistari ya mawimbi tangu Mungu alipouumba, na fedha inainakili mistari hiyo. Kisha mfupa unaungua, haufai tena. Unachukua mwingine. Ndiyo maana hakuna mawili yanayofanana! Alichokiita Stanbrook dalili ya wizi ndiyo sahihi ya fundi.

Ameniambia mengi zaidi ya hayo. Lakini ameniapisha mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba jina lake silitaji kwa mtu. Nami nikiapa nimeapa. Usiniulize.

Beryl


Footscray
20 Agosti 1979

Beryl,

Mwanamke wewe, umenipikia, umenipakulia, halafu umenishona mdomo!

Nilirukaruka jikoni mpaka paka akahama. Mfupa wa dome! Nikamwendea Stanbrook mbiombio, nikamweleza yote. Akanisikiliza hadi mwisho, maana si mtu mbaya, ni mgumu tu. Kisha akasema, "Mfupa wa dome. Kesho utaniambia yalitagwa na kasuku. Fundi yuko wapi? Anaitwa nani? Lindsay, kitabu cha watengenezaji hakiwezi kuandika 'mama mmoja'."

Na hapo, Beryl, ana haki. Bila jina na bila mtu hatutashinda kura.

Akaongeza neno ambalo nakuandikia wewe peke yako, usilifikishe kwa huyo mama. Aliyatazama yale mabawa kwa lenzi akasema, "Aliyechonga manyoya haya hajapata kumwona ndege, ila kuku aliyenyonyolewa."

Jaribu kumbembeleza. Sijui anaogopa nini baada ya miaka yote hii. Kama kuna kosa la zamani, hakuna atakayemshika.

Lindsay


Ingham
2 Septemba 1979

Kwa Bwana Lindsay Cotterill,

Beryl amenisomea barua yako jikoni kwangu. Alitaka kuiruka ile sehemu ya kuku. Nilimwona macho yake yanaruka mstari. Nikamwambia, rudi, soma.

Kuku aliyenyonyolewa! Mwambie huyo bwana kwamba manyoya yangu niliyasoma kwa mwewe. Mashamba ya miwa yakichomwa moto kabla ya kukatwa, mwewe huzunguka juu ya moshi wakingoja panya. Nilikaa nje na penseli nikiwatazama mpaka macho yakanitoka machozi. Bawa la mwewe anayegeuka, unyoya wa mwisho hujitenga na wenzake. Aangalie mabawa yangu, ataona umejitenga. Aangalie ya wengine, ataona wamechonga ufagio.

Naitwa Assunta Bellandi. Nilizaliwa Valenza, Italia, mji wa masonara. Baba yangu alikuwa sonara, Mungu hakumpa mtoto wa kiume, basi alinifundisha mimi huku akinung'unika. Nikaolewa na Ettore, tukavuka bahari. Ettore akakata miwa. Zana za baba nikazilaza chini ya kitanda.

Italia ilipoingia vitani polisi walikuja nyumbani. Ettore alikuwa mezani, anakula ule ugali wetu wa njano. Wakasema yeye ni adui. Ettore, ambaye hata kuku alinipa mimi nimchinje! Wakapekua, wakachukua redio, wakachukua na panga lake la miwa, wakaandika kuwa ni silaha. Yule kijana wa polisi alilibeba kwa mikono miwili kama amekamata mzinga. Wakampeleka kambini, mbali kusini. Nikabaki na mabinti wawili wadogo, na jirani hawanisalimu.

Aliyenisaidia ni mama mwenye hoteli, Nora Quilty, Mungu amrehemu. Hotelini kwake walikuja kunywa marubani, Wamarekani na wa hapa, na wote walitaka mabawa ya fedha ya kujishaua nayo mbele ya wasichana. Nora akaniambia, "Wewe tengeneza, mimi nitauza, nitasema yametoka Sydney." Wangejua yametoka kwa mke wa adui wangeyakanyaga matopeni. Fedha niliipata wapi? Kuyeyusha sarafu za mfalme ni kosa. Kwa hiyo hatukuwahi kuzungumza habari hii.

Jina langu sikuweza kuliweka. Basi nikachora lile panga. Nililichora nyuma, upande unaogusa shati, juu ya moyo wa rubani. Walikuwa wamelichukua nyumbani kwangu wakasema ni silaha ya adui. Nami nikalipandisha ndegeni mwao. Liliruka nao kila siku, Bwana Cotterill. Likawalinda kadiri panga dogo linavyoweza.

Vita ilipokaribia kwisha Ettore alirudi, akaniambia, "Assunta, nyamaza, yametutosha." Nikanyamaza mpaka nikamzika, kisha nikaendelea kunyamaza kwa mazoea. Sikuogopa tena kitu. Nilikuwa nimesahau tu jinsi ya kusema.

Lakini kuku! Mkutano wenu ni tarehe ngapi?

Assunta Bellandi


Ingham
1 Oktoba 1979

Lindsay,

Anakuja kwa treni, peke yake. Nilikuwa nimeshakata tiketi yangu pia, nikanunua na kofia. Jana nikateleza kwenye ngazi ya dukani, mguu umevunjika, plasta mpaka gotini. Nimelia kidogo, si kwa maumivu.

Sasa shika maagizo. Kaingoje treni mapema, maana ukichelewa atatembea kwa miguu mpaka Footscray. Boksi la kofia alilobeba halina kofia, lina mifupa ya dome; mtu asilikalie. Mtafutie mtungi wa gesi wa kuyeyushia. Umwite Bi Bellandi mpaka atakapokukataza. Chai yenu ya maziwa hanywi, mpe kahawa, tena nyeusi, tena kali, na usimpe ushauri.

Nami utaniandikia KILA kitu. Nani alikaa wapi, nani alikohoa. Ukiniandikia "yote yalikwenda vizuri", nakuja huko na magongo.

Beryl


Footscray
15 Oktoba 1979

Beryl,

Kaa, weka mguu juu ya kiti, mwambie mwenye bucha asubiri nje.

Alishuka kwenye treni akanitazama kuanzia juu hadi chini akasema, "Wewe ndiye unayemtafuta J?" Nikasema ndiye. "Masikini," akasema, akanipa mzigo.

Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi watu wakaketi dirishani. Walikuja kutoka Adelaide, kutoka Hobart, hata wale wa Sydney ambao hawaji popote. Stanbrook alikuwa mezani mbele, na suti yake, na yale mabawa yenye ubishi yamepangwa kwenye kitambaa cheusi kama ushahidi wa mahakamani. Alisoma hoja zake zote, vizuri, bila kumtukana mtu. Halafu akauliza kama kuna mwenye neno.

Bi Bellandi alikuwa amekaa nami nyuma. Akasimama. Nilikuwa nimemwandalia hotuba, nikampa karatasi. Aliitumia kufutia vumbi la mfupa.

Akaenda mbele moja kwa moja, akafungua boksi, akatandaza zana za baba yake palepale juu ya meza ya mwenyekiti, juu ya karatasi za mwenyekiti. "Sogea, Bwana," akamwambia. Na Mervyn Stanbrook, Beryl, Mervyn Stanbrook alisogea!

Akaupasua mfupa. Akasugua vipande viwili mpaka vikabanana kama midomo. Akachukua mabawa yangu yaliyokuwa kwenye kile kitambaa cheusi, akayakandamiza katikati, akayatoa. Ndani pamebaki umbo lake lote. Akachonga njia ya kumiminia, akafunga kwa waya. Nikawasha gesi. Alinigombeza mbele ya watu wote: "Moto huo wa kuchemshia yai?" Nikaongeza. Fedha ikalegea, ikazunguka kijunguni kama jicho. Akaimimina. Ukumbi ukanuka samaki na nywele zilizoungua, wale wa dirishani wakaanza kukohoa, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

Alipoufungua, mfupa ulikuwa umekwisha kuungua ukawa mkaa. Akayatumbukiza mabawa kwenye jagi la maji la mwenyekiti. Yakalia tsss. Akayakausha kwa aproni, akayageuza, akampa Stanbrook upande wa nyuma.

Mawimbi. Yaleyale.

Stanbrook akachukua lenzi. Alitazama muda mrefu sana. Bi Bellandi hakumngoja. Aliyachukua tena mkononi mwake akaanza kuchonga manyoya kwa kipatasi chake kidogo, moja baada ya jingine, na kila unyoya akisema jina lake kwa Kitaliano. Kwenye ule wa mwisho akasema kwa sauti, wote wasikie: "Huu ni wa mwewe. Kuku hana." Watu wakacheka. Stanbrook akawa mwekundu hadi shingoni, akanitazama mimi. Nilitazama dari.

Kisha Bi Bellandi akayageuza na kuchora lile panga. Mikato mitatu, basi.

Stanbrook akasema, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena, "Mama, naona. Hakuna mwenye macho asiyeona. Lakini jambo moja sielewi. Kazi nzuri kama hii, kwa nini hukuweka jina lako?"

Akamjibu, "Wewe uliruka kutoka wapi?"

"Townsville."

"Mwaka gani?"

"Arobaini na tatu."

"Ulipata kununua mabawa kwenye hoteli ya Ingham?"

"Sikupata. Wenzangu walinunua."

"Tuseme ungenunua. Mtu akuambie, haya yametengenezwa na Assunta, Mtaliano, mumewe yuko kambini kwa sababu ni adui. Bwana Stanbrook, ungeyavaa?"

Beryl, uliniambia nikuandikie nani alikohoa. Hapo hakuna aliyekohoa.

Angeweza kudanganya. Angesema ndiyo, watu wangepiga makofi, tungekwenda kunywa chai. Alisimama pale, mzee mzima, akatazama mikono yake.

"Hapana," akasema. "Nisingeyavaa."

"Ndiyo sababu," akasema Bi Bellandi, akaendelea kusugua.

Stanbrook hakurudi kitini. Aliugeukia ukumbi akasema, "Tunapiga kura. Wanaosema mabawa haya ni ya kweli, mikono juu," na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wake. Kisha ikapanda mingine yote. Niligeuka nyuma kuona kama kuna aliyebaki, sikuona kitu ila viganja. Watu wakasimama. Mtu wa Hobart akapanda juu ya kiti, kiti kikavunjika, akaendelea kupiga makofi akiwa sakafuni.

Na bado sijamaliza. Makofi yalipotulia, Stanbrook akauliza kwa adabu kama yale mabawa mapya yanauzwa. "Hayauzwi," akasema Bi Bellandi. Akamshika koti, akamvuta karibu, kwa maana hamfikii hata bega, akambandika kifuani mwenyewe kwa mkono wake, akapigapiga mara mbili kama anayelaza mtoto. "Haya," akasema. "Sasa unayavaa."

Mzee alilia mbele yetu sote. Na mimi nilikuwa na gesi machoni.

Bi Bellandi amelala hapa kwangu, chumba cha wageni. Asubuhi ameniambia kahawa yangu ni maji ya kuoshea brashi, na kwamba sasa nimwite Assunta.

Lindsay


Ingham
12 Novemba 1979

Lindsay,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mwenye bucha ameisoma, padri ameisoma, wateja wameisoma wakingoja nguo. Hakuna ambaye hajui.

Sasa na mimi nikuhadithie yangu. Hapa mjini pana klabu ya askari wastaafu. Assunta amepita mbele ya mlango wake tangu vita ilipokwisha, kila Jumapili akienda kanisani, upande wa pili wa barabara. Hakuwahi kuingia. Si kwamba walimkataza. Hakuna aliyemkaribisha, na yeye hakuuliza.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa klabu alikwenda kwake mwenyewe, amevaa medali zote, kumwalika kwenye karamu. Wameweka ukutani kabati la kioo, ndani yake mabawa yote yenye panga waliyoweza kuyapata Ingham na vijiji vyake. Yangu ya kwenye koti nimeyatoa pia, yamo katikati. Kumbe watu walikuwa nayo majumbani! Kwenye makopo ya vifungo, kwenye Biblia, moja lilikuwa limefungwa kwenye mkufu wa mbwa.

Mwenyekiti alipofika, Assunta alikuwa anakunywa supu. Akamwambia akae. Akamalizia supu, akaosha bakuli, akabadili viatu. Bwana yule alikaa jikoni na medali zake akingoja kama mvulana aliyekuja kuposa.

Nami nilikwenda, na magongo, na ile kofia. Mabinti zake walikuja, na wajukuu, na Waitaliano wazee ambao nao walikuwa hawajapata kuingia mle ndani. Waliingia wakiwa wameshikana mikono. Mabibi wa klabu walikuwa wameoka keki za chokoleti na nazi, Waitaliano wakaja na sufuria zao, meza ikawa inalia kwa uzito.

Ukafika wakati wa hotuba. Katibu akasimama na karatasi yake, mtu mzuri lakini hasikilizi anachoambiwa. Akasema, "Mabibi na mabwana, leo tunaye mgeni wa heshima, mjane wa marehemu Ettore Bellandi, yule sonara wetu mashuhuri..."

Assunta akasimama. Hakungoja amalize.

"Ettore alikata miwa," akasema. "Alikata vizuri sana, Mungu amrehemu. Sonara ni mimi."

Lindsay, paa lilitaka kuruka. Walipiga makofi, wakapiga meza, wakapiga miguu chini. Nami nilikuwa nagonga sakafu kwa gongo mpaka mpira wake ukang'oka. Wazee wa Kitaliano walikuwa wakipiga kelele "Brava! Brava!" na walinzi wa mlangoni wakaingia kuona kuna nini, wakaanza kupiga makofi nao bila kujua sababu.

Yeye alisimama palepale, kafupi, kamevaa nyeusi, akawaacha wapige. Hakuinamisha kichwa. Aliwatazama mmoja mmoja hadi walipochoka.

Kisha akaketi, akasema kiu imemshika, anaomba bia. Wanaume saba walisimama kwa pamoja kwenda kuileta, na mbele yao wote, akiwasukuma kwa viwiko, alikuwa mwenyekiti wa klabu.

Beryl